Pamba ya Mkunga

Lamya, mkunga wa Fumba, alikuwa ameshapanda pikipiki yake pale shemegi yake alipomwamuru aitoe pamba masikioni.

"Pamba hutiwa maiti," alimwambia mbele ya wanaume wa barazani. "Wewe mzima unajichuria kifo."

Miaka sita ya upepo wa njiani ilikuwa imemwachia mvumo katika sikio la kushoto. Juzi alilitega sikio hilo kwenye tumbo la mja mzito, asisikie kitu. Alipotega la kulia, moyo wa kitoto ulikuwa ukidunda.

"Limenibakia moja, shemegi. Hilo sikupi."

Akachomoa pamba nyingine mfukoni, akaisokota taratibu kwa vidole, akaishindilia sikioni juu ya ile ya kwanza. Alipopiga kiki, midomo ya shemegi ilikuwa bado inacheza.