Unga wa Mbao

Seremala aliijua honi ile kabla hajageuza shingo. Ilikuwa inakoroma kama mtu mwenye mafua. Ilikuwa honi ya pikipiki yake mwenyewe, na ilikuwa inamfuata.

"Bwana wee," mkewe akasema nyuma yake, "si yule fundi wa pale dukani? Amepanda pikipiki yetu."

"Si yetu tena," seremala akajibu, akaongeza mwendo.

Tangu asubuhi alikuwa akiogopa hiki hiki.

Pikipiki ya zamani ilikuwa adhabu. Kiti kimebaki chuma na kitambaa, usukani unavuta kushoto utadhani una shughuli zake huko, na kila shimo la barabarani lilimfikia mkewe mgongoni. Walishapoteza mimba moja. Sasa alikuwa na nyingine, tena kubwa, na mkunga hakumung'unya maneno: "Ukizidi kumpakia kwenye hicho kinu, baba, mtoto utampokea njiani." Tangu siku hiyo seremala hakulala vizuri.

Lakini nani angeipokea ampe mpya, na gia zinasaga kama mawe? Basi jana yake jioni alichota unga wa mbao chini ya msumeno wake, akauchanganya na oili, akaumimina kwenye injini. Ujanja wa zamani. Injini ilinyamaza kama mtoto aliyeshiba. Haingedumu, alijua. Alichotaka ni ifike dukani tu.

Ikafika. Mwenye duka akaizunguka, akakubali kuipokea kwa nyongeza kidogo, wakapeana mikono. Pembeni fundi alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele la ile mpya, ameshalibadilisha tairi. Alikuwa mtu wa kutikisa kichwa tu, kwa kuwa kila akifanya kazi huweka nati shavuni zisimpotelee mchangani. Seremala alilifurahia hilo. Fundi asiyeweza kusema hawezi kuuliza maswali.

"Kiti hiki, shemeji," mwenye duka alimwambia mke, "utasinzia mpaka nyumbani." Kisha akamgeukia fundi. "Hebu njoo kwanza uisikilize injini ya kaka."

Fundi akainuka na spana yake, akaiwasha ile ya zamani, akatega sikio. Akakunja uso.

Seremala hakungoja uso ule ukunjuke. "Panda, mama."

"Wameshamaliza?"

"Wameshamaliza. Panda."

Na sasa walikuwa barabarani, honi inakoroma nyuma yao. Kwenye kioo seremala alimwona fundi ameinamia usukani, mkono mmoja ameinua spana juu.

"Ana spana," mkewe akasema. "Simama tumsikilize."

"Nisimame anipasue kichwa?"

"Mbona hasemi kitu, basi? Anapiga honi tu."

"Mtu mwenye hasira ya kweli hasemi."

Aliyaona yote: wanarudishwa dukani, watu wamejaa, mwenye duka kanyoosha mkono anadai ufunguo, na mkewe anapandishwa tena kwenye kile kinu huku ameshika tumbo. Hapana. Wangechukua msumeno, wangechukua hata nyumba, lakini si kiti hiki.

Ile mpya ilitii mno. Akiiwaza kona, imeshapinda. Mashimo yalipita chini yao kama habari za watu wengine. Kulikuwa na kitu kinagonga kidogo huko mbele, ko, ko, ko, ila kila pikipiki ngeni ina milio yake mpaka uizoee.

Wakapita kona ya shule, wakapita tangi la maji. Fundi bado yuko nyuma, tena anakaribia. Seremala akazidisha mwendo mpaka mkewe akamshika mabega.

"Unaogopa nini, bwana? Umefanya nini?"

Seremala akatupa jicho kiooni. Alikuwa anaomba kimoyomoyo, anauomba unga wa mbao ufanye kazi yake.

Ukaifanya. Pale kileleni, barabara inapoanza kuteremka kuelekea darajani, ile ya zamani ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, injini ikakwama. Fundi akaitupa chini, akaanza kukimbia na spana yake, anapunga mikono yote miwili. Kwenye kioo akazidi kuwa mdogo.

Seremala akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, na machozi yakamlengalenga.

"Haya, mama. Niegemee. Mteremko huu tunaushuka kwa raha zetu."

Mkewe akamwegemea. Seremala akaachia breki.

Juu kileleni fundi alisimama, pumzi zimemwishia. Akatema kiganjani nati ya gurudumu la mbele, ndipo akapata kupiga kelele.