Vidole vya Baba Scola

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025. Kahama iliamka na baridi kavu na upepo wa vumbi. Masalu alikuwa ameshaketi kibarazani, gitaa mapajani, akifanya zoezi lake: gumba kwenye uzi mnene, kisha cha shahada, cha kati, cha pete; uzi mmoja mmoja, kwenda na kurudi.

Mwalimu Valerian, mpiga gitaa wa kwaya, aliliita zoezi hilo apejio. "Usikwangue, Baba Scola," alizoea kumwambia jioni za mafunzo. "Hili gitaa, siyo sururu. Kila uzi upe zamu yake."

Lakini vidole vilivyozeekea kwenye mashimo ya dhahabu vilikuwa vigumu kama mizizi. Cha pete kilichelewa kila mara. Masalu alinong'ona Salamu Maria, akaanza upya. Ijumaa angemtoa Scolastika, mtoto wake wa pekee, na binti alikuwa na ombi moja tu: baba mwenyewe apige wimbo wa kumsindikiza hadi altareni. Mama yake hakuwepo tena duniani.

Masudi, muuza mchele aliyehamia jirani majuzi, alisimama kusikiliza.

"Shikamoo, Baba Scola. Nasikia Ijumaa kuna sherehe. Ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Hata ndama."

"Hata ndama! Msukuma gani wewe? Unatoa mtoto bure, halafu unawapigia na gitaa!"

Masalu alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Kachagua mwenyewe. Nilimkatalia mpaka nikachoka. Kila nilipomwomba Mungu ambadili moyo, uliobadilika ulikuwa wangu."

"Basi vumilia. Wajukuu watakufariji."

Masalu akainamia nyuzi, akaanza tena kwa gumba.

Ijumaa kanisa lilifurika. Scolastika aliingia taratibu, nguo nyeupe ikigusa sakafu. Masalu akapiga. Gumba, shahada, kati. Na cha pete kikafika kwa wakati. Machozi yalimdondokea juu ya gitaa, lakini hakukosea hata uzi mmoja.

Sauti ya mwisho ilipotulia, binti yake alipiga magoti peke yake, akanena kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Mimi, Scolastika binti Masalu, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naweka nadhiri ya useja, ufukara na utii, siku zote za maisha yangu."