Mafuta ya Mkiwa

Lori la mafuta ya alizeti lilipopinduka pale njia panda ya Mkiwa, Winfrida aliacha kuku wake jikoni akakimbia kusaidia. Alikuta nusu ya kijiji imeshamtangulia, kila mtu na ndoo yake.

Dereva alikuwa chali kwenye majani, mguu umebanwa chini ya mlango uliobonyea. Watu walimruka kama wanavyoruka mfereji. Mzee wa kanisa, aliyewahubiria huruma Jumapili iliyopita, alimkanyaga kiganja, akasema "samahani" bila kutazama chini.

"Jamani, tuinueni mlango kwanza!" Winfrida aliwaambia.

"Subiri kidogo, dada, yangu ijae," akajibu jirani yake, ambaye alikuwa amevua kitenge anakichovya kwenye dimbwi na kukikamulia ndooni.

Winfrida akawatazama. Hawa hawakuwa watu tena, walikuwa nzi. Akavuta pumzi, akapiga ukelele: "Moto! Linalipuka! Kimbieni!"

Wakatimka wakikanyagana, wakiwapiga vikumbo hata watoto wao. Mafuta hakuna aliyeyaacha.

Pakawa kimya. Winfrida akapiga magoti, akashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Haukusogea hata kidogo.

"Mama," dereva akanong'ona, "peke yako hutaweza. Waite."

Akageuka awaite. Walikuwa wamejipanga ng'ambo ya barabara, simu zimeinuliwa juu, wanasubiri lilipuke.