Salamu ya Mkono wa Kushoto

"Shikamoo, kocha," alisema msichana, akanyoosha mkono wa kushoto.

Wenzake kwenye mstari wa mazoezi ya jimnastiki wakaguna. Kocha akamkazia macho. "Wa kushoto? Ndiyo adabu uliyofunzwa kwenu?"

Msichana akacheka kidogo, akautoa wa kulia nyuma ya mgongo. Alikuwa ameupaka chaki nyeupe ya kuzuia utelezi, si kiganjani tu bali mpaka kwenye kiwiko.

Salamu hiyo ya kushikana mikono kocha aliianzisha mwaka jana, baada ya binti mmoja kuficha ufa wa mfupa, akaachia chuma cha kubembea akiwa hewani, akatua kwa shingo. Tangu hapo hakuna anayepanda kwenye chuma kabla kocha hajamminya vifundo vya mikono kwa kidole gumba. Mwenye maumivu anarudi nyumbani, basi.

Akaminya. Chaki ikapukutika, na chini yake ngozi ilikuwa ya zambarau, imevimba, ya moto kama kikombe cha chai. Kitu kigumu kikasogea chini ya gumba lake.

"Panauma?"

"Hapana, kocha. Nimeshazoea."

Alikuwa anatabasamu, jasho limemtoka juu ya mdomo. Ana miaka kumi na moja.

Kocha akatupa jicho kwenye benchi. Wageni watatu walikuwa wamefika kuchagua msichana mmoja wa timu ya taifa. Miaka kumi na tisa anafundisha, hajatoa hata mmoja.

Msichana bado alikuwa anangoja kuitikiwa.

"Marahaba, mwanangu," kocha akasema. Akachota chaki kwa mkono wake mwenyewe, akaupaka ule uvimbe mpaka usionekane. "Haya, panda."