Fundi Bado na Mapanga ya Rota

Fundi alikuwa anapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya safu ya misumari ya ribiti, mmoja baada ya mwingine, macho ameyafumba. Ukucha haukukwama popote.

Panga la rota lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili, ncha yake imetokeza nje ya mlango. La pili lilikuwa bado ndani ya turubai. Mwanamke aliyeyaleta alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Mtaani walimwita Fundi Bado. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "panga zuri" siku ya kwanza. Moja leo, jingine kesho kwa macho mapya, ndipo atoe neno. Watu waliojiundia jairokopta, vile vyombo vidogo vya kuruka vyenye rota, yaani mapanga yanayozunguka, juu ya kichwa cha rubani, walimletea mapanga ya mitumba ayatambue: yametoka kiwanda gani, yametunzwaje, yamewahi kuanguka au la. Neno lake lilikuwa uhai wa mtu.

"Umeyapata wapi, dada?"

"Kwa muuza vyuma chakavu. Nilimkuta anataka kuyakata atengeneze ngazi."

Fundi akacheka. "Ngazi ya kwenda wapi, mbinguni?"

Mwanamke hakucheka.

"Na mrukaji ni nani?"

"Mume wangu."

"Mbona hakuja mwenyewe? Au ameambiwa mimi mkali?"

"Yuko mbali, fundi. Wewe niambie tu, yamewahi kuanguka?"

"Bado, dada. Bado."

Akapima urefu, akapima upana. Akakwangua rangi kwenye shina la panga mpaka namba ikajitokeza, akaiandika kwenye daftari. Kiwanda kilichoitoa kilikwisha fungwa zamani. Kisha akafungua kifuniko cha ncha, aone uzito wa kusawazishia. Wengi huweka kipande cha madini ya risasi. Humu mlikuwa na kipande cha mpini wa kijiko cha chai, kimepigwa tupa vizuri kila upande.

"Hebu ona ujanja wa mtu!" alisema. "Kaharibu kijiko cha wenyewe."

"Kina ua," alisema mwanamke. Alikuwa hajanyanyuka pale kwenye ndoo.

Fundi akakisogeza kwenye mwanga. Kweli, palikuwa na ua dogo la kuchongwa. Huyu dada ana macho, aliwaza, akaendelea na kazi.

Alimalizia na matundu ya bolti. Alimulika tochi, akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa kikiwa na grisi nzito iliyoanza kuganda. Alipoinua kichwa aliona jinsi vidole vya yule mwanamke vilivyokakamaa juu ya mkoba. Huruma ikamshika. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, akavunja desturi yake.

"Shusha pumzi, dada. Panga lililoanguka halijifichi. Hukunjika, ribiti hulegea, matundu haya hurefuka yakawa kama yai. Hili halijaanguka hata siku moja. Lilitua salama, tena mahali pazuri. Mtu akalifungua kwa spana ya saizi yake, polepole, akajaza grisi lisiliwe na kutu. Aliyefanya hivi hakuwa na haraka wala hofu. Mpelekee mumeo salamu, mwambie..."

Badala ya kung'aa, uso wa mwanamke ulikuwa umemshuka.

Mwanamke alisimama, akafungua mkoba, akatoa kijiko cha chai. Alikilaza juu ya panga, kando ya kile kipande. Kilikuwa kizima, na mpini wake ulikuwa na ua lile lile.

Fundi alivitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Akafuta mikono, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"La pili tutalimaliza kesho asubuhi," alisema kwa sauti ndogo.

"Asubuhi sitaweza, fundi. Wanangu watanisubiri twende kupalilia kaburi la baba yao, tunakwenda kila mwaka." Alikirudisha kijiko mkobani, akaufunga. "Kesho anatimiza miaka tisa tangu aruke asirudi. Mwili haukuonekana. Tulizika koti lake."