Kasha Bila Matundu

Yule mama hakuja na futi. Aliulaza mkono wake juu ya kasha la kompyuta, akalipima kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, akatikisa kichwa.

"Refusha kidogo, fundi. Na haya matundu siyataki."

Loth akacheka. Katandala nzima walimjua kwa makasha yake: mbao nyepesi, kioo cha plastiki ubavuni, matundu ya feni, na ndani utepe wa taa za rangi, ule wa mbwembwe. Vijana wa gemu wasioweza kununua kasha la dukani walikimbilia kwake, wao na vipanya vyao vya mtumba na kibodi zilizong'oka herufi.

"Mama, bila matundu mashine itaungua."

"We ziba kote, baridi isiingie. Na kioo kikae juu, uso uonekane."

Hakuwa mtu aliyemfahamu. Lafudhi yake ya Kisukuma, na shuka zito amejitanda mpaka masikioni, maana upepo wa Julai hapa Ufipa hauna adabu. Akagusa utepe wa taa.

"Hizi zina joto?"

"Hata chembe. Urembo tu."

Akasonya. "Basi toa. Fanya haraka, baba, nifike kabla jua halijazama."

Kicheko kikamkauka Loth. Kioo juu, uso uonekane! Kabla ya kuingia kwenye kompyuta alikuwa fundi wa majeneza, tena wa kutegemewa, na vidirisha vya namna hiyo, vya watu kuaga, alivikata mwenyewe miaka nenda miaka rudi. Urefu wa mkono mmoja aliujua ni wa nani.

Aliyemwachisha kazi ile ni mkewe, Josefina. Binti yao Fransiska, aliyeolewa na Kija huko Laela, alikuwa amezika watoto wawili hata majina hawajapewa. Mara ya pili Josefina alizoa randa na misumari, akavitupa uani. "Mkono huu unaowajengea watu nyumba za mwisho ndio unaotumalizia wajukuu! Acha, baba Fransiska, acha!" Loth akaapa, na kweli akaacha. Sasa Fransiska alikuwa na mimba nyingine, ya miezi saba, na nyumbani ilikuwa haitajwi hata kwa kunong'ona.

"Umetoka wapi, mama?"

"Laela."

Kwa kina Fransiska! Alitaka kuuliza zaidi, lakini fundi wa majeneza haulizi ni la nani; ukiuliza, unalikaribisha kwako. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, na ulimi ulishazoea. Akanyamaza. Ee Mungu wangu, akanyamaza!

Kumfukuza hakuweza, kwani mwenye msiba hafukuzwi. Akapiga randa, akahamishia kioo juu, akaziba pembe. Mama alipotoka kwenda kutafuta bodaboda, Loth akashika keekee, akatoboa ubavuni tundu baada ya tundu, huku akichungulia mlangoni kama mwizi. Kasha lenye matundu ni la kompyuta. Jeneza halitobolewi. Kwa hiyo kiapo hakijavunjika, na kifo kitafute mlango mwingine.

Mama aliporudi aliyaona mara moja. "Nilikwambia nini, fundi? Umeniharibia!"

"Mimi ndivyo ninavyotengeneza. Hutaki, liache."

Akamtazama kwa uchungu, midomo ikimcheza kama mtu mwenye neno. Hakulisema. Akalifunika kasha kwa shuka lake, akalipakata, akapanda pikipiki.

Loth akampigia Fransiska. Hapatikani. Akampigia Kija, simu ikaita mpaka ikakata. Josefina alipomuuliza mbona amenyong'onyea, alisema ni vumbi la mbao.

Asubuhi Kija akapiga, sauti imekwaruza. "Shikamoo, baba. Njooni, wewe na mama."

"Kuna nini?"

"Njooni tu, baba."

Josefina akafungasha kitenge cheusi na unga bila kuuliza chochote. Ndani ya basi Loth aliitazama mikono yake magotini, akaichukia. Mtu mzima, na mvi zake, alidhani atakizuga kifo kwa keekee!

Uani kwa Kija wanawake walikuwa wamekaa mkekani, kimya. Moto ulikuwa unawaka, na juu yake sufuria kubwa ya maji, kama kwenye nyumba yoyote yenye msiba. Josefina akaachia yowe. Mwanamke mmoja akamrukia, akamziba mdomo.

"Shii! Kelele hapana hapa."

Kija akatokea, macho mekundu, akawaamkia bila kuwatazama usoni. Nyuma yake, mlangoni, alisimama yule mama.

"Huyu ni Minza, baba. Mkunga wetu."

"Ingieni upesi, fungeni mlango," Minza akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Jana sikuweza kukwambia, fundi. Ambaye kitovu hakijadondoka hatajwi."

Loth akasogea. Kasha lake lilikuwa juu ya meza. Ndani zilipangwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa, na kioo kilikuwa kimejaa ukungu. Fransiska alikuwa amekaa kando, kidole chake amekipitisha kwenye tundu mojawapo. Ndani, mkono mdogo ulikuwa umekishika kidole kile, hautaki kukiachia.