Jina la Arobaini na Sita

Rejista ya wilaya ilikuwa na mistari arobaini na mitano kwa kila darasa. Mwalimu Mwanaidi alikuwa amebandika karatasi nyingine kwa uji wa unga, majina ya darasa lake yakafika mia na kumi na mbili.

"Shule zote zinaandika arobaini na tano, mwalimu," mkaguzi aliyetoka wilayani alisema. "Futa waliozidi."

"Wamefutwa miaka yote, ndiyo maana hatuletewi walimu." Alimpa kalamu. "Waite, bwana mkaguzi, uchague mwenyewe wa kufuta."

Mkaguzi akaita. Kila aliyeitwa alisimama: "Nipo." Mwanaidi alisikiliza, kifua mbele. Mistari ikaisha. Mkaguzi akasita, kisha akageukia karatasi iliyobandikwa.

"Tatu Makame."

"Nipo," sauti ikajibu kutoka nje, mkono mdogo ukashika nondo ya dirisha.